LPO ya Kaunti: Umepata Kazi au Umekopesha Gavana?

Wadau, ingia saiba yoyote mjini siku ya kazi usikilize vijana wanaulizia nini. Mmoja anataka kujaza ritani za KRA, mwingine anafuata HELB, na siku hizi hakosekani wa tatu anayetaka cheti cha AGPO. Huyu wa tatu ndiye namwandikia leo. Anatoka pale na karatasi yake imechapwa kwa rangi, anatembea kama mtu ambaye tayari ameajiriwa. Ukimuuliza anakwambia, "Boss, mimi naenda kuuzia kaunti." Hongera. Lakini kuna hesabu moja ambayo hakuna mtu amemfanyia, na mimi nitaifanya hapa hapa mbele ya kila mtu.

Kwanza kwa wale wageni. AGPO ni mpango wa serikali ulioanza 2013 wa kuwafungulia mlango wa tenda watu ambao zamani walikuwa wanaziona kwa gazeti tu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 ikautia muhuri: angalau asilimia 30 ya ununuzi wa kila ofisi ya umma itengewe vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Kijana ni wa miaka 18 hadi 35. Mkija kama kundi, asilimia 70 ya wanachama wawe vijana na viongozi wote wawe vijana. Kujiandikisha ni bure, cheti kinatoka Hazina ya Kitaifa, kwa hivyo pesa unayolipa saiba ni ya mtandao na mikono ya yule dada anayekujazia, si ya cheti. Tena umeondolewa ile dhamana ya zabuni ambayo makampuni makubwa hulazimika kuweka. Wewe unajaza fomu ya ahadi tu. Kwenye karatasi hii ni mojawapo ya sheria tamu zaidi kijana wa Kenya amewahi kuandikiwa.

Na kazi zipo, tusidanganyane. Kaunti 47 zinanunua kila kitu unachokijua: mafuta ya magari, dawa, karatasi za ofisi, magodoro ya wodi, chakula cha wagonjwa, hema na viti vya mikutano, usafi wa soko, ukarabati wa vyoo, matofali ya madarasa ya chekechea. Kwa kanuni za 2020, bidhaa au huduma ambazo hazizidi Sh3 milioni zinaweza kununuliwa kwa kuitisha kwotesheni tu, bila tangazo kubwa, mradi waulizwe watu wasiopungua watatu. Hapo ndipo kijana mwenye cheti anapoingilia. Hahitaji ofisi wala lori, anahitaji kumjua muuzaji wa jumla na kuwa na mahali pa kutoa mtaji.

Mahali pa kutoa mtaji... hapo ndipo shida inaanza.

Tuseme hospitali ya kaunti imekupa LPO, ile hati ya kuagiza bidhaa, ya magodoro na mashuka yenye thamani ya Sh600,000. Kiwandani utayapata kwa Sh480,000. Usafiri na wapakiaji Sh30,000. Faida yako ni Sh90,000. Pesa nzuri hiyo, kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani ni pesa ya kubadilisha maisha. Lakini huna 510,000. Una 110,000 ya chama na ya mama, kwa hivyo 400,000 unakopa. Benki inataka hati ya shamba, basi unamwendea shailoki, tena shailoki mpole, anakutoza asilimia 5 kwa mwezi. Hiyo ni Sh20,000 kila mwezi.

Ukilipwa ndani ya mwezi mmoja, una 70,000 mfukoni. Ukilipwa baada ya miezi miwili, 50,000. Miezi minne na nusu faida yote imekwisha, umefanya kazi ya bure. Ikifika mwaka mmoja, riba peke yake ni 240,000, yaani umepata hasara ya 150,000 kwa tenda uliyoshinda, ukaleta mali kwa wakati, na wagonjwa wanalalia magodoro yako sasa hivi. Hakuna mtu aliyekuibia na hukuhonga mtu. Umefilisika kwa kungoja.

Na kungoja mwaka mmoja si kisa cha ajabu. Angalia ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya ofisi yake. Mwisho wa Juni 2024 kaunti zote kwa pamoja zilikuwa na madeni ambayo hayajalipwa ya karibu Sh182 bilioni. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2025, zilikuwa bado na zaidi ya Sh176 bilioni, na Nairobi peke yake ilibeba karibu nusu. Kusema haki, sehemu ya deni la Nairobi ilirithiwa kutoka ile halmashauri ya jiji ya zamani. Lakini kaunti nyingine hazikurithi kitu kikubwa hivyo, zimejitengenezea zenyewe tangu 2013.

Pesa hizo ni za nani? Si za Benki ya Dunia. Ni za wenye lori, wauza dawa, wahandisi, akina mama wa kupika chakula cha mikutano, na vijana wenye vyeti vya rangi. Ukiniuliza mimi, neno "deni" lenyewe linatuficha kitu. Kaunti ikikopa benki inalipa riba na inahitaji idhini na dhamana. Ikikopa kwako haihitaji chochote. Inakupa LPO, inachukua magodoro, halafu inanyamaza. Wewe ndiye mkopeshaji wa bei nafuu zaidi serikalini, kwa sababu riba unalipa wewe!

Mtu atauliza, kwani sheria inasema nini? Inasema vizuri sana. Kifungu cha 53 cha ile sheria ya 2015 kinakataza afisa kuanza ununuzi wowote kabla ya kuhakikisha pesa za kutosha zimetengwa kwenye bajeti, na akifanya hivyo kwa kujua ni kosa la jinai. Kifungu cha 140 kinasema ofisi ya umma ikichelewa kulipa inapaswa kulipa riba, isipokuwa mkataba useme vingine. Sasa mbona tuna bilioni 176?

Jibu la kwanza ni lile magavana wanapenda kutoa: Hazina inachelewesha mgao. Ni kweli. Mgao wa kaunti kwa mwaka wa fedha 2024/25 ulikuwa Sh387 bilioni na ushei, na kila mwaka kuna miezi kaunti zinakaa bila kupokea hata senti, halafu zinapokea kwa mkupuo. Mishahara inalipwa kwanza kwa sababu madaktari na wauguzi wanajua kugoma. Wewe na magodoro yako utagoma wapi?

Jibu la pili halisemwi sana na ndilo naona lina uzito zaidi. Bajeti ya kaunti ina pesa za aina mbili: mgao wa kutoka Nairobi, na zile kaunti inatarajia kukusanya yenyewe kwa vibali, maegesho, soko, ardhi. Hiyo ya pili ndiyo inachezewa. Kaunti inaandika itakusanya kiasi fulani kikubwa, bunge la kaunti linapitisha, na mara hiyo pesa ya kwenye karatasi inahesabiwa kama "imetengwa". Afisa anaweza kusema kwa uso mkavu kwamba kifungu cha 53 kimetimizwa. Mwaka wa fedha 2023/24 kaunti ya Nairobi ililenga kukusanya karibu Sh20 bilioni, ikapata chini ya 13. Zile bilioni saba hazikuwahi kuwepo, lakini LPO zake zilishaandikwa. Kuna mtu leo ana LPO halali kabisa, yenye sahihi na muhuri, iliyoandikwa juu ya pesa za ndoto.

Kwa hivyo hati mkononi si pesa. Bidhaa zako zitapitia kamati ya ukaguzi na upokeaji, kisha ankara, kisha vocha ya malipo, kisha mtambo wa IFMIS, kisha kaunti iombe idhini kwa Msimamizi wa Bajeti ndipo Benki Kuu iachilie pesa. Katika kila hatua kuna meza, na katika kila meza kuna faili juu na faili chini. Nani anaamua faili gani liwe juu? Mnajua wenyewe, sitaki kesi.

Sasa njoo tuone haya yanafanya nini kwa ile asilimia 30. Kama malipo ni baada ya miezi 14, nani ataweza kufanya biashara na kaunti? Ni yule anayeweza kungoja miezi 14. Kijana wa mtaani hawezi. Anayeweza ni tajiri mwenye maduka mengine matatu, au mtu wa karibu na wakubwa anayejua faili lake halitalala. Hao wawili hawana cheti cha AGPO. Kwa hivyo wanafanya nini? Wanakodisha chako! Kila mtu mtaani anajua kisa cha kijana aliyepewa elfu kumi na tano ya asante ili kampuni yake itumike, mali ikaletwa na mwingine, pesa zikaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Kwenye ripoti ya kaunti inaandikwa "kijana amefaidika". Halafu KRA ikianza kuuliza ushuru wa hiyo milioni mbili, jina ni lako na PIN ni yako.

Na yule tajiri anayengoja hangoji bure. Anajua atalipwa kwa kuchelewa, kwa hivyo anaipandisha bei mapema. Si kila bei ya kushangaza kwenye kaunti inatokana na wizi peke yake. Nyingine ni riba iliyofichwa ndani ya bei. Nyingine bila shaka ni wizi. Mnakumbuka wilbaro za Bungoma, 2015? Kumi, kila moja Sh109,320, wakati dukani mtu alikuwa anapata wilbaro kwa elfu chache. Hapo hata shailoki mkali hawezi kukufikisha.

Na huko juu kabisa kuna kesi ya Kiambu. Februari 2025 mahakama ilimpata aliyekuwa gavana Ferdinand Waititu na hatia kuhusu tenda ya barabara ya Sh588 milioni, kwamba kampuni iliyopewa kazi na kaunti ilipitisha pesa kwa kampuni zenye uhusiano naye. Alihukumiwa miaka 12 jela au faini ya Sh53.5 milioni, na alikata rufaa. Sitaki kuingilia rufaa. Ninachotaka muone ni kwamba katika kaunti hizi hizi ambako mama wa chapati za mkutano anazungushwa mwaka mzima, kuna ankara zinazolipwa bila shida. Kuchelewa si hali ya hewa, ati inawanyeshea wote sawa.

"Basi nitaenda kortini." Haya, nenda, lakini ujue mlango unaofuata. Kama ulinyimwa tenda kwa njia isiyo halali, sheria imekuwekea bodi ya rufaa za ununuzi: unapeleka malalamiko ndani ya siku 14 na bodi inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Haraka kweli. Ndiyo maana makampuni makubwa huenda huko kila wiki kupigania nani apewe kazi. Lakini mkataba ukishatiwa sahihi bodi hiyo haina mamlaka tena. Aliyenyimwa tenda ana siku 21. Aliyenyimwa malipo ana mahakama za kawaida, wakili, na miaka.

Na hata ukishinda huko, serikali haiuziwi mali na dalali. Sheria inakataza kukamata mali ya serikali ili kulipa deni, na mahakama zimesema hata kaunti zinalindwa. Huwezi kutuma dalali akabebe gari la gavana hata kama una hukumu mkononi. Unachukua cheti cha deni, unarudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe, na akikaidi unarudi tena kuomba aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Kwa deni la Sh600,000 wakili atakula yote kabla ya safari ya pili.

Kuna aliyewahi kujaribu kuziba pengo hili. Katika Seneti iliyopita uliletwa mswada wa kulazimisha ofisi za umma kulipa kwa wakati. Bunge lile likamaliza muda wake 2022 mswada haujawa sheria. Mwenye mswada alikuwa seneta wa Nairobi, Johnson Sakaja. Ndiyo, huyo huyo. Tangu Agosti 2022 yeye ndiye gavana wa kaunti yenye deni kubwa kuliko zote. Sisemi alilileta yeye, alilikuta kubwa. Lakini hakuna sheria inayomzuia gavana kujiwekea mwenyewe kanuni aliyotaka kuwawekea wengine.

2025 Hazina nayo ikaja na mtambo wa ununuzi wa kielektroniki, ikitaka ofisi zote za umma zinunue kupitia humo. Magavana wakapinga, mambo yakafika mahakamani. Mimi naunga mkono kompyuta, lakini tusitarajie muujiza. Mtambo unaweza kuonyesha nani alishinda na kwa bei gani. Hauwezi kutengeneza zile bilioni saba ambazo hazikukusanywa.

Sasa kwa yule kijana wa saiba ambaye amesoma mpaka hapa na bado anataka. Sikukatazi. Wapo walioanza na kwotesheni ya elfu arobaini ya wino wa printa na leo wana duka. Lakini kabla ya kuchukua mkopo, fungua ripoti ya karibuni ya Msimamizi wa Bajeti, tafuta kurasa za kaunti yako, uangalie deni lilikuwa ngapi mwaka jana na sasa ni ngapi. Kaunti ambayo deni linashuka na kaunti ambayo linapanda ni wateja wawili tofauti kabisa, hata kama bendera zinafanana. Kisha angalia kama kazi yako inalipwa na mgao wa Nairobi, mfadhili, au yale makusanyo ya ndoto. Kama hawataki kukwambia, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016: unaandika barua, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wengi hawajui, na maafisa wanapenda iwe hivyo.

Halafu kuna lile neno tamu, "Leta tu mali, LPO itafuata." Tafadhali ndugu yangu, ukisikia hilo rudi nyumbani. Sheria inasema hakuna mkataba mpaka uandikwe na kutiwa sahihi. Mwaka 2019 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alizikagua bili za kaunti zilizokuwa zimerundikana hadi 30 Juni 2018. Zilidaiwa karibu Sh89 bilioni. Alizokubali zilipwe ni kama bilioni 51. Zile nyingine, zaidi ya bilioni 37, hazikuwa na karatasi za kutosha. Humo ndani kulikuwa na ankara hewa, sina shaka. Lakini pia kulikuwa na watu walioleta mali ya kweli kwa neno la mdomo la mtu ambaye leo hashiki simu. Hakikisha una LPO, hati ya kupokelewa mali yenye jina na sahihi ya aliyepokea, na ankara yenye muhuri wa tarehe iliyofika. Piga picha zote, jitumie kwa barua pepe. Hiyo saiba inafanya kwa shilingi ishirini.

Mkopo nao, jaribu kwanza Hazina ya Vijana, ambayo ina mikopo ya kugharamia LPO, kabla ya kumgusa shailoki. Na gawanya ile faida kwa riba yako ya mwezi kama tulivyofanya juu. Jibu likiwa miezi minne na kaunti yenu inalipa baada ya kumi, hiyo si kwotesheni, ni mtego.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni. Bili isiyolipwa siku hiyo inahamia kwenye rundo la madeni, inasubiri bajeti mpya. Sasa hesabu: uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, wiki chache tu baada ya Juni 30. Mwaka wa uchaguzi kaunti hutaka kuonekana zinafanya kazi, kwa hivyo LPO zinatoka kwa wingi, hasa mwezi wa tatu hadi wa sita. Halafu gavana mpya anaingia, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuunda kamati ya kuhakiki madeni ya aliyemtangulia. Tuliyaona 2017, tukayaona tena 2022. Kamati inakaa, inaitisha makaratasi upya, na riba ya shailoki haijui gavana amebadilika.

Kwa hivyo ukipigiwa simu Mei 2027 kwamba kuna LPO nono imekungoja, uliza itatoka kwa pesa gani na italipwa kabla ya tarehe gani. Ikiwezekana wajibu kwa maandishi.

Wale mmeshawahi kuuzia kaunti, andikeni hapa chini ni kaunti gani na ilichukua miezi mingapi kulipwa. Msitaje majina ya watu, kaunti na miezi inatosha.